RUZUKU NDOGO NA JASHO LA MWANACHAMA

Hotuba ya Katibu, iliyosomwa Chake Chake mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana siku ya leo, sisi tukiwa wazima na chama chetu kikiwa hai. Wako wenzetu waliokuwamo katika mkutano wa kwanza ambao leo hawamo tena duniani. Twawaombea rehema na maghufira, na twasema mbele ya watoto wao kwamba kazi yao haikupotea.

Miaka kumi ni umri mdogo. Mkarafuu huhitaji miaka sita hata minane kabla ya kuanza kutoa karafuu za kuchumwa. Kwa hivyo mche uliotiwa ardhini siku tulipoandikisha chama hiki, ndiyo kwanza unaanza kumlipa mwenyewe. Chama cha ushirika ni vivyo hivyo. Miaka ya mwanzo ni ya kupalilia na kumwagilia, na asiye na subira huikata shina mwenyewe kabla haijazaa.

Kamati imetutaka tuseme juu ya jambo moja ambalo huulizwa katika kila mkutano, tokea Micheweni hata Mkoani: nalo ni zile ruzuku ndogo ndogo zinazotolewa na mifuko ya Serikali, balozi na mashirika, kwa vyama vya ushirika na jumuiya za vijijini. Tumekubali kwa sababu jambo hili linangoja uamuzi. Kesho asubuhi wajumbe watapiga kura juu ya hoja ya Kamati, kwamba Chama Kikuu kisitoe barua ya kukiunga mkono chama cho chote cha msingi katika kuomba ruzuku, mpaka chama hicho kiwe na hisa zilizolipwa, mfuko wa matengenezo, na hesabu zilizosomwa mbele ya wanachama. Wapo wanaoipenda hoja hii na wapo wanaoipinga, na wote ni wanachama wema. Ni haki yao wote wasikie maelezo kamili kabla ya kunyosha mikono.

MAANA YA RUZUKU

Ukiacha mauzo ya mazao, fedha huingia katika vitabu vyetu kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni hisa na akiba za wanachama; hizo ni mali yao wenyewe, na kwa hizo ndipo mtu anapoitwa mwanachama. Mlango wa pili ni mkopo. Huo una tarehe yake ya kurudishwa, na mkopeshaji hasahau. Mlango wa tatu ni ruzuku, yaani fedha au vifaa vinavyotolewa kwa kazi maalumu, wala havirudishwi.

Hapo penye neno “havirudishwi” ndipo wengi wanapojikwaa. Huona kwamba kitu kisichorudishwa ni sadaka, na aliyepewa sadaka haulizwi ameitumiaje. Walakini ruzuku si sadaka. Aliyetoa hakusema, “Chukueni”, amesema, “Fanyeni kazi hii, katika muda huu, kwa watu hawa, kisha mnionyeshe.” Basi ruzuku ni amana. Hairudishwi kwa fedha, bali hurudishwa kwa kazi iliyokamilika na kwa hesabu iliyo wazi. Sote twajua uzito wa amana katika dini yetu na katika desturi za kisiwa hiki; mtu aliyekula amana hapewi ya pili, na jina lake hutangulia kufika kila aendako.

NJIA TULIYOPITA

Si vibaya kukumbuka kwamba wakulima wa Pemba hawakuanza leo kuonana na fedha na amri za kutoka nje. Katika mwaka wa 1927 ilianzishwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza C.G.A., kwa kusudi la kuwasaidia wenye mashamba katika uchumaji na uuzaji. Na katika mwaka wa 1934 ikapewa kwa sheria madaraka makubwa juu ya biashara hiyo. Ilikuwa na jina la wakulima, lakini uamuzi wake mwingi ulitoka ofisini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa, na tokea mwaka wa 1965 jamaa nyingi zikapata eka tatu tatu. Na mwaka wa 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, Z.S.T.C., ambalo ndilo tunaloliuzia karafuu zetu hata leo. Kisha ikaja Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka wa 1986, na Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka wa 1995, ambayo ilifungua mlango kwa jumuiya nyingi za vijijini kuandikishwa na kujulikana.

Mifuko ya ruzuku nayo ilifuata njia hiyo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka wa 1992, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000 za Marekani kwa mradi mmoja. Ubalozi wa Japani una mpango wake wa misaada kwa miradi ya wananchi, ulioanzishwa na Serikali yake mwaka wa 1989. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, T.A.S.A.F., ulianza mwaka wa 2000. Mwaka wa 2003 taasisi ya Foundation for Civil Society, iliyoko Dar es Salaam, ilianza kutoa ruzuku kwa jumuiya za Bara na za Visiwani. Na mwaka wa 2005 ukaja mradi mkubwa wa hifadhi ya bahari na pwani, M.A.C.E.M.P., ambao ndani yake mlikuwa na fungu la miradi midogo ya vijiji vya pwani.

Tumeitaja mifuko hii si kwa kuisifu wala kuilaumu, bali tupate kuitazama sura yake. Yote inafanana kwa mambo manne. Kwanza, haimpi mtu mmoja. Huwapa watu waliojikusanya, wenye katiba, cheti na akaunti ya benki. Pili, mingi hutaka wenyeji watoe mchango wao, kwa fedha, kwa vifaa au kwa nguvu za mikono. Tatu, mingi hailipi mishahara, mafuta wala gharama za kila siku. Hununua kitu, kisha matumizi ya kitu hicho huwaachia wenyewe. Na nne, ambalo ndilo kubwa, yote ina mwisho. Mradi wa M.A.C.E.M.P. umekwisha zamani. T.A.S.A.F. ilipoingia katika sehemu yake ya tatu mwaka wa 2012, ilielekeza nguvu zake zaidi katika kuzisaidia kaya maskini. Na katika mwezi wa Januari, 2025, tuliona jinsi Serikali ya Marekani ilivyosimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na katika Julai ya mwaka huo huo Shirika lake la Misaada, lililojulikana kwa miaka zaidi ya sitini, likafungwa. Waliolala wakiitegemea misaada ile waliamka hawana kitu. Wazee wetu walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

YALIYOONEKANA KATIKA KISIWA CHETU

Hata hivyo tusifanye dhuluma kwa kusema kwamba fedha hizi hazina faida. Faida tumeiona kwa macho yetu.

Tutazame Misali. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka wa 1998, na wavuvi wa vijiji vinavyokitegemea waliunda jumuiya yao ya kukitunza, wakisaidiwa na wahisani. Jambo la kuangalia ni kwamba wavuvi hao walikuwako kabla ya wahisani, dago lao lilikuwako, na haja yao ya samaki ilikuwako. Msaada uliwakuta watu wenye jambo lao. Mwaka wa 2005 hifadhi ikapanuliwa na kuwa Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, P.E.C.C.A.; na mabishano juu ya mipaka, ada na doria hayajaisha, wala hayataisha maadam kuna bahari na kuna wavuvi. Lakini mabishano hayo ni ya wenye mali, si ya wapita njia.

Tutazame miti. Jumuiya ya Community Forests Pemba ilianza kwa vitalu vya miche vijijini, ikishirikiana na marafiki kutoka Canada, na kazi yake katika kisiwa kidogo cha Kokota inajulikana. Haikuanza kwa fedha nyingi. Ilianza kwa mbegu, vifuko vya udongo, na watu waliokubali kumwagilia. Miaka kadhaa baadaye jumuiya hiyo ilikuwa mshirika katika mradi wa viungo, mboga na matunda uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya. Haba na haba hujaza kibaba; lakini lazima kibaba kiwepo kwanza, wala kisiwe na tundu.

Na tutazame mwani, kazi ya mama zetu na dada zetu. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka wa 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea hata Pemba ikawa ndiyo yenye kutoa sehemu kubwa ya mavuno. Mwanamke wa mwani huingia baharini wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka, akiwa na kamba, tai-tai na vigingi. Hurudi na mzigo ulioloa, kisha huanika. Maji ya pwani yalipozidi joto, mwani mnene, ambao wafanyabiashara huuita kotoni na ambao una bei nzuri zaidi, ulianza kuoza na kufa katika maji mafupi. Hapo ruzuku ndogo ina kazi kubwa: chanja za kuanikia ili mwani usiingie mchanga, ghala lisilovuja, chombo cha kufikia maji ya kina, au kinu cha kusagia mwani kwa ajili ya sabuni. Vitu hivi si ghali kwa mfuko wa nje, ila kwa kikundi cha wanawake kinachouza mwani mkavu kwa kilo ni mlima.

Basi ruzuku inafaa. Swali letu ni hili: kwa nini kitu kile kile huneemesha kijiji kimoja, na katika kijiji cha pili hugeuka kuwa vyuma vilivyoota kutu?

MAHALI RUZUKU INAPOSHINDWA

Katika miaka hii kumi ofisi yetu imezungukia vyama vya msingi vya wilaya zote nne. Tutaeleza mambo mawili tuliyoyaona, bila ya kutaja majina, kwa kuwa makusudio yetu ni mafunzo.

Chama kimoja cha wavuvi kilipata boti na mashine yake. Siku ya kukabidhiwa palikuwa na ngoma na hotuba. Wanachama walikuwa hawajalipa hisa, kwani waliambiwa kwamba fedha zimekwisha patikana, ya nini tena kutoa zetu. Mashine ikafanya kazi misimu miwili. Ilipoharibika kifaa kimoja, wanachama walikutana, na kila mmoja akamtazama mwenziwe. Hakuna aliyeona kuwa mali ile ni yake kiasi cha kutoa fedha mfukoni. Ikaandikwa barua kwa mfadhili. Mfadhili akajibu kwamba mradi umekwisha fungwa. Boti ikavutwa pwani, jua likaipasua. Wale wanachama hawakuwa wavivu wala wezi. Walikosa kitu kimoja tu: hawakuwa na jasho lao ndani ya boti.

Chama cha pili ni cha wanawake wa mwani. Kwa miaka mitatu walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake kwa wanawake watatu mbali mbali. Kwa akiba ile walinunua kamba zao wenyewe. Kisha wakapata ruzuku ndogo ya kujengea ghala na chanja. Mvua kubwa ya masika ilipong'oa bati za ghala, hawakuandika barua kwa mtu. Walifungua sanduku, wakahesabu, wakamwita fundi, na wiki iliyofuata ghala limeezekwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hawa waliuziba ufa kwa fedha yao.

Tukivipima vyama hivi viwili, twaona kwamba ruzuku ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa ruzuku, bali katika yaliyoitangulia.

Iko na sababu nyingine ambayo si ya wanachama bali ya kalenda. Mche wa mkarafuu hutakiwa kutiwa ardhini mvua za masika zinapoanza. Fedha ya miche ikifika Juni, miche hununuliwa kwa sababu ripoti inataka miche, na nusu yake hufa kwa jua kabla ya mvua nyingine. Tena ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, na tumekwisha sema kuwa mkarafuu unataka miaka sita hata minane. Nani atakayemwagilia mche katika mwaka wa tatu? Nani atakayepalilia katika mwaka wa tano, hali ubao wa mradi umekwisha anguka? Mfadhili hupanda mche; ni ushirika peke yake unaoweza kuufikisha mche huo kuwa mkarafuu.

HESABU NDOGO YA MATENGENEZO

Wako wanaodhani kwamba mfuko wa matengenezo ni jambo la wenye fedha. Natuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mjumbe aweza kwenda kuufanya kwa vidole nyumbani kwake.

Tuseme chama chenye wanachama 25 kimepewa kinu cha thamani ya shilingi 3,000,000, na fundi amesema kinu hicho kitadumu miaka mitano. Maana yake, kila mwaka kinu hupoteza thamani ya shilingi 600,000, hata kama hakuna anayeona. Kwa mwezi ni shilingi 50,000. Kwa kila mwanachama ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Chama kikiweka kiasi hicho kila mwezi, kutokana na malipo ya kusaga au kutokana na mifuko yao, basi mwisho wa mwaka wa tano kinu cha zamani kitakufa na fedha ya kinu kipya itakuwako benki. Chama hicho hakitapiga magoti tena. Chama kisichoweka, kitakuwa kimepewa kinu kwa miaka mitano tu, kisha kitarudi pale pale kilipokuwa, na aibu juu yake.

Hiyo ndiyo hesabu yote. Haihitaji elimu kubwa, yahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyeona haya kuuliza mbele ya mkutano, “Fedha ya mwezi huu iko wapi?”

MAJIBU KWA WANAOPINGA HOJA

Tumesikia maneno matatu ya kupinga, nayo yote yastahili kujibiwa kwa heshima.

Neno la kwanza lasema: “Sisi ni maskini, na ruzuku zimewekwa kwa ajili ya maskini. Kututaka hisa kwanza ni kutufungia mlango.” Twajibu kwamba umaskini si kitu kigeni katika ushirika, ushirika ulizaliwa humo. Katika mwaka wa 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo wenye ujira mdogo, walikusanya paundi moja moja, wengine wakilipa kwa peni chache kila wiki, mpaka wakapata paundi 28. Wakafungua duka la siagi, sukari, unga na mishumaa. Hawakuwa na mfadhili. Kutokana na duka lile twapata kanuni tunazozifuata leo. Na kama Rochdale ni mbali na ni zamani, tutazame wanawake wa Niger, ambao mwaka wa 1991 walianza, kwa kusaidiwa mafunzo na shirika la CARE, vikundi vya kuweka na kukopa kwa fedha zao wenyewe. Mtindo huo wa sanduku na kufuli tatu ndio ulioenea mpaka katika shehia zetu. Katika sanduku hilo hamkutiwa ruzuku ya mtu. Hoja ya Kamati haitaji kiwango cha hisa. Yataka tu kwamba kila chama kijipangie kiwango kinachowezekana, na kwamba kilipwe.

Neno la pili lasema: “Tukijiwekea masharti, wafadhili watakwenda kwa wengine wasio na masharti.” Hayo huenda yakatokea mara moja au mbili. Lakini fomu yo yote ya ruzuku tuliyopata kuijaza imetuuliza maswali yale yale: mmeandikishwa lini, mna katiba, mkutano mkuu ulikaa lini na muhtasari uko wapi, akaunti yenu ina watia saini wangapi, mchango wenu ni upi, na mradi utaendeleaje fedha zikisha. Chama kilichotimiza masharti yetu kina majibu tayari. Kile kisichotimiza hulazimika kuandika majibu ya kubuni, na mwongo husahau aliyoyaandika, mkaguzi hasahau. Tena viko vyama vinavyoundwa kwa siku moja ili kuipokea fedha iliyosikiwa redioni, navyo hufa siku fedha inapokwisha. Vyama vya namna hiyo huyachafua majina ya vyama vyote.

Neno la tatu lasema: “Masharti haya yatakuwa fimbo mikononi mwa ofisi. Mtu asiyependwa na wakubwa atanyimwa barua.” Neno hili ni zito kuliko yote, na hatutaki kulipita mbio. Madaraka ya kutoa barua ni madaraka, na kila madaraka yaweza kutumiwa vibaya. Kwa hivyo Kamati imeongeza sharti juu ya ofisi yetu wenyewe: kila ombi lijibiwe katika siku 14, kwa maandishi, na sababu ya kukataa itajwe kifungu kwa kifungu, na chama kilichokataliwa kiwe na haki ya kusimama mbele ya Mkutano Mkuu na kulalamika. Ikiwa wajumbe wataona kwamba siku 14 ni nyingi, wazipunguze. Ofisi ya ushirika isiyofungwa na kanuni haiwezi kuwafunga wengine.

Na juu ya hayo yote iko kanuni ya nne ya ushirika, kama ilivyotangazwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani katika mkutano wake wa Manchester mwaka wa 1995. Kanuni hiyo yasema kwamba vyama vya ushirika vinajitegemea na kusimamiwa na wanachama. Na vinapopokea mtaji kutoka nje, vipokee kwa masharti yanayolinda uamuzi wa wanachama. Haikusema vikatae. Imesema vipokee vikiwa vimesimama kwa miguu yao. Umoja wa Mataifa ulipoufanya mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2025, kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, ulikuwa unavisifu vyama vya namna hiyo.

KWA MAOFISA NA MASHEHA

Mabwana na Mabibi Maofisa, twaomba ruhusa tuseme maneno machache kwenu pia, kwa adabu.

Twaomba kwamba habari za mifuko zitufikie mapema. Mara nyingi tangazo hufika kijijini siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na ombi lililoandikwa usiku mmoja haliwezi kuwa jema. Twaomba mnaposhauriana na wafadhili muwaeleze kalenda yetu: masika na vuli, kusi na kaskazi, bamvua na msimu wa kuchuma. Mkutano ulioitishwa katikati ya uchumaji wa karafuu huwapata wazee na watoto tu. Na twaomba mkague hesabu zetu kabla ya ruzuku, si baada ya matata peke yake. Mkaguzi anayekuja mapema ni mwalimu. Anayekuja mwisho huwa hana la kufanya ila kuandika maiti.

Masheha wetu, nanyi ndio mnaoijua kila nyumba. Chama kinapokuja kwenu kutaka barua, kiulizeni swali moja tu: mkutano wenu wa mwisho ulikaa wapi na lini? Kama hapana anayekumbuka, basi hicho si chama bado.

MWISHO

Ndugu wajumbe, kesho hatutapiga kura ya kukataa ruzuku. Chama Kikuu kitaendelea kutafuta fedha za chanja, za vitalu, za maghala na za mafunzo, na ofisi yetu itaendelea kukaa na makatibu wa vyama vya msingi usiku na mchana kuzijaza fomu. Kura ya kesho ni ya kuamua nani awe wa kwanza. Je, fedha ya nje itangulie, na mwanachama aifuate? Au mwanachama atangulie, na fedha ya nje imkute yuko kazini?

Kamati imekwisha jibu. Jibu lenu ndilo litakaloandikwa katika daftari, na watakaolisoma baada ya miaka kumi mingine ni watoto ambao hivi sasa wanachambua karafuu barazani mwetu.

   

Mwenyezi Mungu atubariki, atujaalie mvua kwa wakati wake na bei kwa haki yake, na atuwezeshe kuzirudisha amana kwa wenyewe.